Minazi ya Kadii

Asiyewasilisha ritani ya kodi kabla ya Juni kwisha hulipa faini. Na mzee wa kanisa ambaye nyumba yake yala cha mgema huondoka benchi la mbele. Hapa kwetu Kibarani sheria hizi mbili hazikuhitaji kusomewa mtu. Ya kwanza ni ya serikali, nami kila mwaka, matangazo yakiisha, nilisimama mbele ya ushirika nikawakumbusha wenye namba ya kodi wasingoje siku ya mwisho, siku ambayo mtandao hukwama na watu wazima husukumana milangoni mwa saiba kama ndama. Ya pili waliiacha wamisionari kule Kaloleni kabla mimi sijazaliwa. Mzee wa kanisa asinywe tembo, asiliuze, wala nyumba yake isile faida yake. Ikila, na aketi benchi la mlangoni, asiguse kikombe cha Bwana, mpaka nyumba yake iache. Vijana waliicheka sheria hiyo. Hakuna aliyethubutu kuifuta.

Mlinzi wake nilikuwa mimi. Nilipomsomea Ngowa, mzee mwenzangu, ambaye tulilala bweni moja tukiwa wavulana na kuchapwa kwa fimbo moja, sauti yangu haikutetemeka. Mwanawe alikuwa amefungua mangwe, kilabu cha tembo, nyuma ya nyumba, na wanywaji walikuwa wakiimba nyimbo zao huku baba yake akikusanya sadaka. Ngowa alisikiliza hadi mwisho, akachukua kofia yake, akaenda kuketi mlangoni. Mwana alifunga biashara baada ya miezi michache. Ngowa hakurudi mbele. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba amezoea hewa.

Asubuhi ya mwezi wa Mei, mwaka juzi, msichana wa buibui aliyevaa kizibao cha kazi juu yake alishuka kwenye tuktuk mbele ya nyumba yangu. Alivua viatu barazani ingawa nilimwambia hapana haja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Sumeiya, wa Malindi, mji wa kale. Natoka ofisi ya takwimu. Nyumba yenu imeangukiwa na kura."

Alinieleza kazi yake kwa Kiswahili kilichonyooka, kile cha watu wa Malindi ambacho hakina haraka ya kumaliza sentensi. Taifa lilitaka kujua wananchi wanapata nini, kama wanaowajibika wanawasilisha ritani zao, na kila mtu amejiwekea nini kwa ajili ya uzee. Majibu yalikuwa siri kwa mujibu wa sheria. "Jina lako halitatoka, mwalimu," alisema. "Itakayotoka ni hesabu tu."

Maneno hayo yalinipendeza. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na sijapata kuona kitu kingine kinachomtendea tajiri na maskini kwa adabu moja. Nilimtajia pensheni yangu hadi senti. Ritani yangu nilikuwa nimeipeleka tangu Januari. Akiba yangu ilikuwa kwenye ushirika wa walimu. Aligusagusa kishikwambi chake, akashukuru, kisha akasema, "Sasa nimsikie mama."

"Mama hana," nilimwambia. "Andika sufuri."

"Sufuri naweza kuiandika, mwalimu, lakini sharti anipe yeye mwenyewe."

Kadii alitoka jikoni na mikono yenye maji, akaifuta kwa kanga, akaketi kwenye kiti ambacho kwa kawaida huketi mgeni. Mke wangu ni mwanamke mfupi, wa maneno machache, na mtu asiyemjua hudhani uchache huo ni unyonge.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Kazi? Muulize huyu kama amewahi kunikuta nimekaa."

Sumeiya alicheka kidogo, akajirudi. "Na namba ya kodi, unayo?"

Nilikuwa nimekwisha kuanza kutabasamu kwa ajili ya jibu. Kadii akasema, "Ninayo."

"Ritani ya mwaka jana uliwasilisha?"

"Hiyo sikupeleka. Wala ya mwaka juzi. Namba walinipa nilipofungua akiba, hawakuniambia kama ina kazi nyingine. Kisha nikamsikia Mwalimu akitangaza kanisani. Nikasema moyoni, nikimuuliza sasa, ataiangusha Biblia."

"Akiba ya uzeeni, mama?"

"Ndiyo. Natuma kwa simu kila Jumamosi."

"Na inatokana na nini?"

Kadii alinitazama, si kwa hofu wala kwa ujeuri. Alinitazama kama mtu anayekagua mlango kabla ya kuusukuma. "Inatokana na minazi yangu ya Kaloleni," alisema. "Inagemwa."

Chini ya dirisha kuku alikuwa akiparura majani makavu. Aliendelea kuparura, hakuna aliyemwambia kwamba nyumba imetikisika.

Minazi hiyo naijua tangu mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na nne. Baba yake Kadii, Mzee Mwaro, alikuwa mgema, na mgema hodari, mwenye miguu iliyopinda kwa kukumbatia miti. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, soksi hadi magotini, niliyeletwa kuposa na mchungaji badala ya wajomba. Desturi ilitaka kadzama, kibuyu cha tembo ambacho bila hicho hakuna posa inayozungumzwa. Mchungaji alileta birika la chai. Mzee Mwaro alilitazama birika lile kwa muda mrefu.

"Mwanangu anaolewa kwa majani yaliyochemshwa," alisema.

Alikubali, kwa kuwa Kadii alikuwa amekubali. Lakini siku ya harusi alisimama mbele ya watu akampa binti yake minazi, akiitaja mmoja mmoja kwa mahali ulipo. Kwetu ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Shamba laweza kuuzwa mara tatu na miti iliyomo isihame mkono. Hata hivyo kumpa binti lilikuwa jambo geni, na ndugu zake walinung'unika. Mchungaji naye alisimama akaweka sharti: miti iangushiwe nazi, isigemwe. Mzee Mwaro akajibu kwamba amesikia, ila mnazi ukiachwa kugemwa hauwi mtakatifu, unakuwa mrefu tu. Watu walicheka hata mimi nikainamisha kichwa nisionekane.

Kwa miaka mingi gunia la nazi lilitufikia kutoka Kaloleni mlimani, kisha likawa nusu gunia, kisha likakoma. Nilidhani miti imezeeka.

Pale sebuleni Sumeiya aliinamia kishikwambi chake. "Hapa pana sehemu ya kilimo tu," alisema polepole, akinitazama mimi badala ya Kadii. "Nikiandika mazao ya minazi, inatosha. Hapaulizwi zaidi ya hapo." Alikuwa mtoto wa nyumba za mji wa kale, na nyumba hizo zinajua kufunga dirisha bila kuligonga. Kwao pia tembo ni haramu. Hakuuliza wala hakukunja uso.

"Andika hivyo, mwanangu," Kadii alisema, "mradi usiandike sufuri."

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata. Nilikwenda kuisoma kwenye maktaba, nikanakili jedwali moja, nikamletea. Kadii alivaa miwani yangu. "Mimi niko wapi hapa?" Nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye kisanduku cha wanawake wa umri wake waliojiwekea akiba ya uzeeni. Namba iliyokuwamo ilikuwa nyembamba sana kando ya zile za jirani zake.

"Wachache hivi?"

"Wachache."

"Basi bila mimi wangepungua," alisema, akanirudishia miwani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile ya Mei, tuktuk iliyomchukua Sumeiya ilipokwisha kupinda kona, nilibaki nimesimama barazani, nami sikujua niketi wapi katika nyumba yangu mwenyewe.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu Jedida."

Jedida alikuwa mke wa mwalimu mwenzangu. Mumewe alipokufa, tulimzika kwa heshima, nami nilisoma wasifu. Baada ya matanga, mjane alianza safari za ofisi ya pensheni na bahasha mkononi: leo cheti kina kasoro, kesho aliyeweka muhuri yuko likizo. Alihamia kwa wakwe. Kadii alikwenda kumtazama siku moja, akamkuta anangoja watoto wa nyumba wamalize kula ndipo ajue kilichobaki. Mimi nilikuwa nimesikia habari hiyo. Nilikuwa nimeiombea.

"Nazi zimeingiwa na mdudu mweupe," Kadii aliendelea. "Mti ulikuwa haulipi hata mkweaji. Mpwa wangu Kahonzi akasema, shangazi, tugeme. Nikasema, gema. Tembo si langu kulinywa. Pesa yake naiweka."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeniambia nini?"

Jibu tulilijua sote.

"Hakuna anayejua, Baba Pamela. Yule binti ameapishwa."

"Mimi najua."

"Basi mko wawili, wewe na Mungu. Na Mungu amelijua siku nyingi asiseme kitu." Aliinuka, akashika mlango wa jikoni, ndipo sauti yake ikabadilika kidogo. "Ukienda kwa mchungaji wataniambia niache. Kahonzi atashuka mtini siku hiyo hiyo, akakodi miti ya wengine. Nawe ukitangulia, mimi nitakula sahani ya nani?"

Nataka nieleweke. Sikubadili mawazo yangu juu ya tembo, wala sijayabadili leo. Nimezika wanaume waliokunywa mashamba yao, na nimeona watoto wenye akili njema wakitolewa shule kwa sababu karo imemiminwa kibuyuni. Wale wamisionari walikuwa na makosa yao, lakini walikuwa wameyaona hayo. Kwa hiyo niliposema kwamba nyumba yangu inakula cha mgema, nilisema neno zito, na halikuwa jepesi kwa sababu mgema huyo alimgemea mke wangu.

Juma zima nililipima. Kunyamaza nisingeweza; nilikuwa nimemsomea Ngowa. Kumwamuru Kadii aache ningeweza, naye angetii, kwa kuwa katika miaka hamsini hakuwahi kunivunjia neno mbele ya watu. Hilo ndilo lililonizuia. Nilijiona nikifa na heshima yangu yote, benchi la mbele likivishwa kitambaa cheusi kwa ajili yangu, naye akingoja mlangoni pa jikoni la watu.

Kwanza tulimaliza ya Kaisari. Mwanzoni mwa Juni tulikwenda Malindi, ofisi ya kodi, tukapanga foleni na wenye hoteli na madereva. Kijana aliyetuhudumia, Gachanja kwa jina lililokuwa kifuani pake, alifungua rekodi ya Kadii, akahesabu miaka aliyokaa kimya, akamwonyesha faini.

"Chanzo cha mapato, mama?"

"Tembo la mnazi."

Foleni iligeuka. Mzee mmoja wa Mambrui, kofia ya kazi ya mkono kichwani, akasema, "Subhanallah! Mama huyu amesema kweli hata serikali imeona haya."

"Tunaandika kilimo," Gachanja alisema, akijizuia kucheka.

"Andikeni mnavyoandika. Mimi nimesema."

Niliingiza mkono mfukoni. Kadii aliushika kwa nje ya suruali, palepale, mbele ya watu. "Uache. Hii ni yangu." Akatoa simu yake kabambe, ile ya vitufe, akaitaja namba ya siri kwa midomo bila sauti, kidole kikitafuta kila tarakimu, akalipa. Ujumbe wa kupokelewa ulipoingia aliusoma mara mbili, kisha akaushikilia nami niusome. Lilikuwa jina lake lote, la kwake na la baba yake, bila langu.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mchungaji. Mchungaji Mwenda ni kijana mwema ambaye hupenda amani kupita kiasi. Nilimwambia, "Nyumba yangu yala cha mgema. Jumapili nitaondoka benchi la mbele."

Alinitazama kama aliyeambiwa kwamba mnara wa kanisa umehama. "Wewe, mzee? Wewe hata soda ukipewa unauliza imetengenezwa na nini!"

"Usiniulize zaidi ya nilivyosema."

"Sheria ile tumeiacha kabatini siku nyingi. Ukinyamaza, nami nitanyamaza."

"Ngowa hakunyamaziwa."

Alikuna kidevu. "Basi nyumba yako iache, miezi miwili mitatu, turudi tulivyokuwa. Watu wasahau."

"Haitaacha."

"Mzee, sheria yenyewe inasema mpaka nyumba iache. Kama haiachi, huna siku ya kurudi."

"Naijua sheria, mchungaji. Niliisoma wewe hujazaliwa."

Jumamosi jioni nilimwarifu Kadii. Alikuwa akipiga pasi kitambaa chake cheupe cha umoja wa wanawake. Nilimwambia hataitwa wala hataulizwa. Nimesema nyumba yangu, sikutaja minazi wala mwenyewe.

Pasi ilisimama. "Watadhani wewe ndiye unayekunywa."

"Wadhani."

"Wewe, Mwalimu. Watasema ulikuwa ukinywa ukijificha miaka yote hii."

"Wengine watafurahi sana," nilisema. "Usiwanyime."

Hakucheka. Aliendelea kupiga pasi kitambaa kilichokuwa kimekwisha kunyooka.

Siku iliyofuata, matangazo yalipoisha, nilisimama kama nilivyosimama kila mwaka. Niliwakumbusha ritani, kwamba Juni inakimbia. Kisha nikafungua kitabu cha taratibu, nikasoma ile sheria ya Kaloleni mstari kwa mstari, kwa sauti ileile niliyomsomea Ngowa, na mwishoni mahali palipoachwa wazi kwa jina nikasoma jina langu. Hapakuwa na mngurumo. Palikuwa na ule mchakacho wa nguo ambao hutokea watu wengi wanapogeuza shingo mara moja. Nyuma ya nguzo mwanamume mmoja alisema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Kumbe! Ndiyo maana macho yake ni mekundu."

Nilichukua Biblia yangu nikashuka katikati ya kanisa. Ni kanisa refu. Sikuwa nimewahi kulijua urefu wake kwa upande ule.

Ngowa alijisogeza akaniachia nafasi. "Karibu," alisema bila kunitazama. "Huku kuna upepo, na mahubiri hutufikia yakiwa yamechoka."

"Asante, Ngowa."

"Nawe hunywi. Nakujua. Ni nani?"

"Nyumba yangu."

"Haya," alisema, akafunga mdomo, na hakuufungua tena juu ya jambo hilo hadi leo.

Kanisani kwetu, tangu enzi za wamisionari, wanawake huketi mkono wa kushoto na wanaume mkono wa kulia. Tulifungishwa ndoa, tukabatiza watoto, tukawazika wazazi wetu, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuketi bega kwa bega na mke wangu katika nyumba ya Mungu. Mchungaji alikuwa amekwisha kuinua mkate nilipoona, kati ya safu za vitambaa vyeupe, kitambaa kimoja kikiinuka. Wanawake walivuta miguu yao kumpisha. Alishuka taratibu, mkoba kwapani, huku macho ya kanisa zima yakimfuata, wala hakuharakisha kwa ajili yao. Alifika mlangoni, ambapo huketi waliochelewa na waliokatazwa, na ambapo hakuna kushoto wala kulia.

"Sogea," aliniambia.

Nikasogea. Aliketi, akaupanga mkoba magotini. Mbele, wazee waliobaki walianza kukipitisha kikombe, safu baada ya safu, hadi kikafika safu iliyo mbele yetu. Pale kikageuzwa kikarudi madhabahuni.

Niliinama nikamnong'oneza, "Wewe hukukatazwa."

"Nyamaza, Mwalimu," alisema. "Mchungaji anaomba."

Nikanyamaza.